Makumbusho ya Reli Nairobi: simba, upana wa reli, na kwanini injini ya Kenya ina jina la mlima wa Tanzania

Tangu SGR, ile reli mpya ya kisasa, ianze kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, maswali kuhusu reli ya zamani yamezidi badala ya kupungua. Watu wanauliza kwanini zile injini za zamani hazikuhamishiwa tu reli mpya, kwanini reli iliyojengwa Kenya iliitwa ya Uganda, kama ni kweli simba wa Tsavo wako pale makumbusho Nairobi, na kama kweli simba ndo waliua maelfu ya wajenzi. Ukienda pale wikendi utasikia hadithi zote hizo zikisimuliwa kwa watoto na wakubwa, nyingine kweli, nyingine zimechanganywa, nyingine hazipo kabisa. Na watu wengi wanapanda kwenye injini, wanapiga picha, wanatoka. Mimi naona hiyo ni hasara kubwa maana vile vyuma vinasomeka vizuri tu, mtu akishajua vitu vichache vya msingi.

Tuanze na maneno. Treni ni msafara mzima. Ile mashine ya mbele inayovuta ndo injini, wengine wanaita kichwa. Vinavyovutwa ni mabehewa, ya abiria au ya mizigo. Vile vyuma viwili virefu chini ni reli zenyewe, na zile mbao au vyuma vilivyolala kwa kukatisha kuzishika zisitanuke ni mataruma. Nafasi kati ya reli moja na nyingine, ukipima kutoka upande wa ndani wa hii hadi upande wa ndani wa ile, ndo upana wa reli. Shika hilo la mwisho sana kwasababu nusu ya mabishano yote ya SGR yanatoka hapo.

Makumbusho yako karibu na stesheni ya zamani ya Nairobi na yalifunguliwa 1971. Kuna jengo lenye picha, ramani na vitu vidogo vidogo, halafu kuna uwanja wa nje wenye injini na mabehewa. Kuwa Nairobi si bahati mbaya. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, na reli ikafika hapa mwishoni mwa Mei 1899, mahali ambapo hapakuwa na mji, palikuwa na tambarare yenye maji ambayo Wamaasai walilishia mifugo. Wahandisi walihitaji sehemu tambarare ya kuweka karakana na stoo kabla ya kuanza kupanda milima na kushuka Bonde la Ufa, wakaipata hapa. Kwahiyo mji ulianza kama kambi ya reli. Ukisimama pale makumbusho uko karibu kabisa na sababu ya Nairobi kuwepo.

Sasa nenda nje, usiangalie injini kwanza, angalia chini. Reli za pale zina upana wa mita moja kamili, milimita 1,000. SGR ni milimita 1,435. Magurudumu ya treni yana ukingo upande wa ndani unaoshuka chini kidogo ya uso wa juu wa reli, na ukingo huo ndo unaoizuia treni isitoke njiani. Jozi ya magurudumu imefungwa kwenye chuma kimoja, ekseli, na haisogei kushoto wala kulia. Kwahiyo injini iliyotengenezwa kwa mita moja ukiiweka kwenye SGR magurudumu hayafiki, yanaangukia katikati, na hakuna dereva wala fundi anayeweza kulitatua hilo bila kubadilisha mfumo mzima wa chini. Hiyo ndo sababu mizigo ya SGR inayotaka kuendelea kwenda Uganda kwa reli lazima ihamishwe eneo la Naivasha kwenda treni nyingine. Na si Kenya peke yake. Tanzania wana upana wa aina tatu: reli ya kati na ile ya Tanga za mita moja, TAZARA ya milimita 1,067 iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kuwaunganisha na Zambia, na sasa SGR ya umeme iliyoanza kubeba abiria 2024.

Hapa kuna dhana moja inarudiwa sana, kwamba reli ya mita moja ilikuwa reli ya bei rahisi ya kuwekea makoloni na ndo maana treni zilikuwa zinatambaa. Sehemu ya kwanza ina ukweli kiasi, reli nyembamba inakata kona kali zaidi kwahiyo unazunguka mlima badala ya kuutoboa, na hilo linapunguza gharama. Lakini kulikuwa na sababu nyingine ya kawaida kabisa: India tayari walikuwa na reli nyingi za mita moja, kwahiyo injini, mabehewa na mafundi waliozoea upana huo walipatikana ng'ambo ya bahari tu. Injini za mwanzo kabisa zilizofanya kazi hapa zilitoka huko. Kuhusu kutambaa, upana peke yake hauamui mwendo. Queensland, Australia, wana reli ya milimita 1,067, nyembamba kuliko SGR kwa mbali, na 1999 treni yao ya umeme ilifika kilomita 210 kwa saa kwenye majaribio. Kinachoamua ni kona, miinuko, uzito wa reli zenyewe na matengenezo. Reli ya zamani ya Mombasa hadi Nairobi ilijengwa kwa kufuata ardhi, kila mlima ikauzunguka, kisha miaka mingi ikakosa matengenezo ya kutosha. SGR imejengwa kwa madaraja marefu na matuta ili inyooke. Ukilinganisha treni mbili bila kulinganisha njia zake utakosea kila siku.

Na hilo jina la Uganda? Jibu lina sehemu mbili. Kwanza lengo lilikuwa kufika Ziwa Victoria na kuiunganisha Uganda na bahari, Kenya ilikuwa njia ya kupita tu machoni mwa serikali ya Uingereza. Pili, ambalo wengi hawalijui, wakati reli inajengwa mipaka haikuwa hii ya leo. Sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya, kuanzia Bonde la Ufa kule Naivasha hadi ziwani Kisumu, ilihesabiwa kuwa mkoa wa mashariki wa Uganda mpaka ilipohamishwa mwaka 1902. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901, wakati huo pakiitwa Port Florence. Maana yake ilipofika, ilikuwa imefika Uganda kwa sheria za siku hiyo, halafu miezi michache baadaye mpaka ukasogezwa. Kampala yenyewe ilipata reli 1931. Kwahiyo ukiona ramani ya zamani pale ukutani usiione imekosewa, soma mwaka wake kwanza.

Tuje kwenye injini. Watu wengi wanaamini moshi ndo unaosukuma treni. Moshi hausukumi kitu. Kinachofanya kazi ni mvuke, yaani maji yaliyochemka. Lile pipa kubwa refu mgongoni mwa injini ni boila, limejaa maji, na ndani yake kuna mabomba mengi membamba. Moto unawaka nyuma, karibu na anaposimama dereva, hewa ya moto inapita ndani ya yale mabomba na kuyachemsha maji yaliyoyazunguka. Maji yakigeuka mvuke kwenye hewa ya kawaida yanataka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya mwanzo, na boila haitoi nafasi hiyo, ndo mgandamizo unapanda. Dereva akifungua valvu mvuke unakimbilia kwenye silinda, unasukuma pistoni mbele na nyuma, pistoni inasukuma fimbo, fimbo inazungusha magurudumu. Simama pembeni ya injini yoyote pale ufuatilie kwa kidole kutoka silinda mpaka gurudumu, kila kitu kiko nje unakiona. Ukijaribu hivyo kwenye injini ya dizeli utaona sanduku tu.

Kuna ujanja mmoja mzuri sana ndani yake. Mvuke ukishasukuma pistoni hautupwi hovyo, unapigwa juu kupitia bomba la moshi, na ukitoka kwa nguvu unavuta na moshi, moshi ukivutwa unavuta hewa mpya kwenye moto. Kwahiyo injini ikivuta mzigo mzito zaidi, inapumua zaidi, na moto wake unawaka zaidi yenyewe. Ule mlio wa chu-chu-chu ni huo mvuke ukitoka. Na lile wingu jeupe ni mvuke unaopoa, moshi ni ule mweusi au wa kijivu.

Injini utakayoikuta ambayo huwezi kuikosa ni Garratt, aina ya injini iliyopewa jina la mbunifu wake, ya daraja la 59, daraja hapa maana yake ni kundi la injini za muundo mmoja. Ni ndefu kiasi kwamba picha moja haitoshi, rangi ya damu ya mzee, na ina uzito wa tani kama 252. Zilitengenezwa 34 na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester, zikafika katikati ya miaka ya 1950, na zinahesabiwa kuwa injini za mvuke zenye nguvu kuliko zote zilizowahi kufanya kazi kwenye reli ya mita moja duniani. Kazi yake ilikuwa kutoa mzigo usawa wa bahari Mombasa na kuupandisha hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu, na zilimudu treni ya tani 1,200 kwenye mwinuko wa mita 1.5 kwa kila mita 100. Wengi wakiiona wanadhani ni injini mbili zilizounganishwa. Karibu sawa, lakini si hivyo. Boila ni moja tu na moto ni mmoja. Kilicho viwili ni seti za magurudumu, moja mbele na moja nyuma, kila moja na silinda zake, na boila inaning'inia katikati.

Fikiria watu wawili waliobeba mgonjwa kwenye machela. Mgonjwa ni mmoja, uzito umegawanyika kwa miguu minne, na wakifika kona wa mbele anakata kwanza, wa nyuma anafuata, mgonjwa katikati hahitaji kupinda. Ndo hicho alichokiwaza mhandisi Herbert William Garratt, akasajili wazo lake 1907. Reli zetu zilikuwa na shida zote mbili: njia yenye kona kali, na reli ambazo hazibebi uzito mkubwa sehemu moja. Ukiongeza nguvu ya injini ya kawaida unaongeza uzito, ukiongeza uzito unavunja reli. Garratt inatandaza uzito huo kwenye magurudumu mengi na bado inapinda. Hesabu pale pale: kila upande wa boila kuna magurudumu madogo 4 ya kuongoza, 8 makubwa ya kuvuta, na 2 madogo, jumla 14, mara mbili 28. Ukikuta kibao kimeandikwa 4-8-2+2-8-4 usiogope, ni hesabu hiyo hiyo ya magurudumu kutoka mwanzo hadi mwisho, hakuna siri nyingine.

Angalia pia bomba lake la moshi. Si la duara, ni bapa kama limebanwa. Hilo si alama ya ajali wala kutu, ni kifaa kilichobuniwa na Adolph Giesl-Gieslingen wa Austria ili injini ivute hewa vizuri zaidi, na shirika la reli la Afrika Mashariki lilikifunga kwenye injini zake nyingi. Na hizi hazikuchoma makaa ya mawe wala kuni, zilichoma mafuta mazito. Picha ya mtu mwenye koleo la makaa mnaiona kwenye katuni, kwa 59 haikuwa hivyo.

Sasa soma namba. Zile zilizopewa namba enzi za shirika la Afrika Mashariki zina tarakimu nne, mbili za kwanza ni daraja, mbili za mwisho ni namba yake ndani ya daraja hilo. 5918 ni injini ya kumi na nane ya daraja la 59. 3020 ni ya ishirini ya daraja la 30. Ukiona inaanza na 5, jua unatazama Garratt. Hapo tu umeshajua zaidi ya robo tatu ya waliokuja siku hiyo.

Halafu soma jina, na hapa ndo napapenda kuliko pote. 5918 inaitwa Mount Gelai. Gelai iko kaskazini mwa Tanzania karibu na Ziwa Natron. 5930 ni Mount Shengena, hiyo iko milima ya Upare. 3020 inaitwa Nyaturu, yaani Wanyaturu wa Singida. Mtu anauliza, mbona injini za Kenya zina majina ya Tanzania, zilinunuliwa kutoka huko? Hapana. Hazikuwa za Kenya peke yake. Mwaka 1948 reli za Kenya na Uganda ziliunganishwa na za Tanganyika zikawa shirika moja, East African Railways and Harbours, lenye reli, bandari, hata meli za maziwani. Injini zilikuwa za wote. Daraja la 59 likapewa majina ya milima ya nchi zote, kuna iliyoitwa Mount Kenya, kuna Ruwenzori, kuna Mount Meru, na madaraja mengine kama 29, 30 na 31 yakapewa majina ya makabila ya kanda nzima. Injini ya Wanyaturu ingeweza kupita kwa Wakamba na mtu asiulize kitu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 kila nchi ikachukua kilichokuwa kwenye ardhi yake, na kilichobaki Nairobi kikawa cha Kenya Railways, majina yakabaki kama yalivyo. Unaposikia viongozi wanazungumzia kuunganisha reli za Afrika Mashariki kama wazo jipya, ile sahani ya jina kwenye 5918 inaonyesha ilishakuwepo, na ilifanya kazi.

Simba nimewaacha mpaka hapa kwasababu ndo wanaochanganywa kuliko vyote. Kuna visa viwili tofauti. Cha kwanza ni cha Tsavo, 1898, wakati wa kujenga daraja la mto Tsavo. Simba wawili dume, wasio na manyoya ya shingoni kama madume wengi wa kule, walivamia kambi kwa miezi, hadi mhandisi John Henry Patterson akawaua wote Desemba ya mwaka huo. Hawa hawako Nairobi. Patterson alikaa na ngozi zao miaka mingi halafu akaziuza kwa makumbusho ya Field ya Chicago, na wako huko mpaka leo wamejazwa na kusimamishwa.

Cha pili ni cha Kima, Juni 1900, na hiki ndo cha Nairobi. Simba mmoja alikuwa anasumbua stesheni ya Kima, ofisa wa polisi wa reli Charles Ryall akaenda na wenzake wawili, Huebner na Parenti, wakalala ndani ya behewa la wakaguzi wakipanga kumvizia. Ryall alikuwa zamu akapitiwa na usingizi. Simba akaingia kwa mlango wa kuteleza, behewa lilikuwa limeinama kidogo, mlango ukajifunga nyuma yake. Akamuua Ryall na kutoka naye dirishani. Behewa hilo lipo makumbusho, unaweza kulisogelea, na ukiliona lilivyo dogo ndani ndo utaelewa wale wawili walipitia nini. Ila lisikuchanganye na Tsavo, ni miaka miwili baadaye, mahali pengine, simba mwingine.

Na idadi. Wajenzi waliotoka India walikuwa karibu 32,000 na waliokufa kati yao ni karibu 2,500. Simba wa Tsavo hawakuua maelfu. Hesabu ya kwanza ya Patterson ilitaja Wahindi 28 pamoja na Waafrika ambao hakuna aliyewahesabu, baadaye akasema 135, na watafiti waliochunguza kemikali za mifupa na manyoya ya simba hao 2009 wakakadiria karibu 35. Waliobaki waliuawa na malaria, kuhara, vidonda na ajali. Kinachoniuma ni hiyo sehemu ya Waafrika kutohesabiwa, maana mpaka leo tunabishana simba waliua wangapi wakati majina ya watu hatuna. Na wakati uko hapo, ile kauli kwamba Wahindi wote wa Afrika Mashariki ni watoto wa wajenzi wa reli pia si kweli. Waliobaki baada ya kazi walikuwa kama 6,700, wengine walirudi kwao, na wafanyabiashara wengi walikuja wenyewe kwa njia nyingine, wengine wakiwa pwani kabla reli haijawazwa.

Swali la mwisho ambalo wageni hawachoki kuuliza ni kama injini hizi zinaweza kutembea tena. Baadhi zinaweza. 3020 na 5918 zilishafufuliwa na kuvuta treni za matembezi baada ya mwaka 2000. Ugumu wake si kuiwasha. Ni kwamba boila ni chombo cha mgandamizo mkubwa, kutu ikila bati lake hata kidogo kinaweza kulipuka, kwahiyo kabla ya kuwasha moto lazima yale mabomba yatolewe au yakaguliwe, boila ijazwe maji na kupimwa kwa mgandamizo unaozidi ule wa kazi, na mkaguzi atie saini. Na hata ikishapita, haiwashwi kwa ufunguo. Inapashwa moto polepole kwa saa nyingi ili chuma kitanuke sawasawa, na inahitaji watu wanaojua kusikiliza maji na moto wake. Mafundi waliofanya hiyo kazi enzi zake ni wazee sasa. Ukibahatika kumkuta mmoja pale uwanjani, acha simu, muulize kuhusu kioo cha kuonyesha maji ya boila kwenye kibanda cha dereva na kilichotokea maji yakishuka chini ya mstari.